Somo la Damu, Somo la Watu

Siku niliyoripoti chuoni, masika yalikuwa yameiharibu barabara ya kupanda mlimani, nikafika nimeshika viatu mkononi. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na mibuni, mahali ambapo asubuhi ukipumua unaona mvuke wako mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha biolojia miaka kumi na mmoja kwenye sekondari moja ya tambarare, upande wa Kahe, kwenye joto na mbu. Sasa nilikuwa nimepandishwa kuwa mkufunzi, yaani mwalimu wa kufundisha walimu, na nilitaka Mkuu wa Chuo anione nadhifu. Nikanawa miguu bombani, nikavaa viatu, nikabisha hodi.

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevaa tai hata siku za kupalilia bustani. Aliisoma barua yangu ya uhamisho mpaka mwisho, akavuta droo na kutoa bahasha ya kaki.

"Mwalimu Anjela, hili ni somo jipya. Elimu ya UKIMWI. Waraka wa wizara unataka kila mwanachuo alisome kabla ya kuhitimu, ili akipangiwa shule ajue la kuwaambia watoto. Bahasha hii imekaa hapa muhula mzima."

"Nani alikuwa analifundisha, Mkuu?"

"Hakuna. Wakufunzi watatu wamelikataa. Kwa adabu, lakini wamelikataa. Mmoja aliniambia yeye ni mzee wa kanisa. Wa pili akasema binti yake yumo darasani. Wa tatu hakusema kitu, aliirudisha tu mezani."

Nilikuwa mgeni, sikuwa bado na kisingizio. Nikaichukua.

Vijana mnaosoma haya huenda msiuelewe woga wa miaka ile. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni kwa hasira, biashara zimefunguliwa, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeshuka mlima kwenda kutafuta: huyu Dar es Salaam, yule Nairobi, mwingine machimboni Mererani. Desemba walirudi kula sikukuu na wazazi. Wengine walirudi kuuguzwa. Ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina. Ilisemwa kwamba fulani amekanyaga waya, au kwamba ana ule ugonjwa wa kisasa. Msibani tuliambiwa marehemu alisumbuliwa na kifua, tukatia udongo, tukarudi nyumbani tukiwa tumeelewa, bila kusema.

Kipindi changu cha kwanza niliandaa siku tatu. Andalio la somo, ile karatasi ambayo mwalimu huandika dakika kwa dakika atakachofanya darasani, lilijaza kurasa nne. Nilichora ubaoni chembe nyeupe ya damu, duara kubwa, na kirusi kikiingia kama mwizi wa mifugo. Nikaeleza kinga ya mwili ni nini, VVU ni nini, na kwamba UKIMWI ni upungufu wa kinga hiyo. Nilipofika kwenye njia za kuambukizwa sauti yangu ikabadilika, nikawa nasoma kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani, macho kwenye karatasi. Wanachuo wakawa wanaangalia madaftari. Nikauliza kama kuna swali. Hakuna. Kengele ikalia wakatoka, na nje nikasikia kicheko kikubwa kama cha watu waliofunguliwa kamba.

Mkuu wa Chuo alikuwa amesimama dirishani, sikujua tangu saa ngapi. Akaingia, akaukagua mchoro wangu.

"Mchoro mzuri," akasema. "Somo la damu umelifundisha vizuri sana. Lile la watu utalianza lini?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilichana lile andalio.

Kipindi kilichofuata niliingia na chaki tu. Nikawaambia wanachuo waje ubaoni, mmoja mmoja, waandike majina yote ya ugonjwa huu waliyowahi kuyasikia kwao, kwa Kiswahili, kwa Kichagga, kwa Kipare, kwa lugha yoyote. Ubao ulijaa. Baada ya hapo nikawaomba waandike jinsi watu wa kwao wanavyosema unaambukizwa: kwa mbu, kwa kiti cha daladala, kwa kikombe, kwa jicho baya. Tukachukua moja moja tukalichambua. Kazi ya muhula mzima ilitoka kwenye ubao ule. Niliandika azimio la kazi, ule mpango wa masomo wa muhula, kwa kufuata waliyoyaandika, kisha nikatafuta mahali pa kuyaweka kwenye muhtasari wa wizara ili mkaguzi akija asinikamate.

Hatukuwa na vitabu. Tulikuwa na stensili, karatasi laini ya nta uliyoipiga chapa kisha ukaifunga kwenye mashine ya kurudufu na kuzungusha mkono mpaka bega linauma. Wino uliingia kwenye kucha na hautoki. Mama mkwe wangu aliuona Jumapili moja nilipokwenda kwake Kibosho.

"Nasikia serikali imekuajiri uwasimulie watoto wa watu mambo ya chumbani," alisema akinipakulia mtori wa ndizi na nyama.

"Ndiyo, mama."

"Na wanasikiliza?"

"Wanasikiliza."

Akaweka bakuli mbele yangu, akakaa. "Basi waambie na wanaume."

Habari za mipira ya kiume ndizo zilizoleta wageni. Padre alikuja, na mchungaji akaja juma lililofuata, wote na maneno karibu yale yale. Mkuu wa Chuo aliwapokea ofisini kwake, akawaagizia chai, na walipoondoka akaniita. "Fundisha yote yaliyo kwenye muhtasari, kuanzia kuacha hadi kuwa mwaminifu hadi huko kwingine. Wakija tena waje kwangu, siyo kwako." Sikuwahi kuwa na bosi kama yule tena.

Miaka ikaenda. Nikazoea, na nakiri nikajivuna. Wanachuo wangu walifaulu vizuri. Kulikuwa na swali lililotoka karibu kila mtihani: taja njia ambazo haziambukizi VVU. Wote waliandika: kwa kusalimiana, kwa kuumwa na mbu, kwa kula pamoja. Nilisahihisha alama za vema mpaka mkono ukachoka.

Hapo ndipo yakatokea ya Mama Neema.

Mama Neema alikuwa mpishi mkuu wa chuo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Mumewe alisafirisha ndizi kwenda Dar es Salaam kwa malori. Alirudi mgonjwa, akalala miezi mitano, akafa. Baada ya matanga Mama Neema alirudi jikoni, na kabla mwaka haujaisha akaanza kukonda na kukohoa. Hakuna aliyesema kitu. Ila sahani zikaanza kurudi zimejaa. Makande yalimwagwa kwa nguruwe wa chuo ndoo kwa ndoo, na duka la mandazi pale barabarani likawa na foleni saa ya chakula cha mchana.

Mwisho wanachuo wakatuma wajumbe kwa Makamu Mkuu wa Chuo, wakiongozwa na mwenyekiti wao, kijana hodari aitwaye Deogratias. Nilikuwa nimempa alama ya juu kabisa katika somo langu. Walitaka Mama Neema aondolewe jikoni. Kuondolewa jikoni kulikuwa ni kuondolewa chuoni, maana nyumba aliyokaa na bintiye ilikuwa ya chuo, na ndugu za marehemu walikwishamfukuza kwenye kihamba, lile shamba la ukoo analorithi mwanamume mlimani kwetu.

Kikaitishwa kikao cha wakufunzi. Makamu Mkuu, mwalimu wa hisabati, mtu wa taratibu asiye na ubaya, alipendekeza apewe likizo ndefu "hadi hali itulie". Nikasimama. Nikaeleza sayansi yote, chembe na virusi na joto la sufuria, nikasema kwamba chuo kinachofundisha somo hili hakiwezi kumfukuza mpishi kwa kukohoa. Nilizungumza vizuri. Nilipokaa, Makamu Mkuu aliniangalia juu ya miwani yake.

"Nauliza tu, Mwalimu Anjela. Mara ya mwisho wewe kula chakula cha jikoni ilikuwa lini?"

Kwa wiki saba nilikuwa nakuja na hotpoti kutoka nyumbani, ndizi na mboga ya mnafu, nikiwaambia wenzangu kwamba nina vidonda vya tumbo. Nilikuwa nimesema hivyo mara nyingi hata nikaanza kuhisi maumivu. Chumba kizima kilijua.

Mkuu wa Chuo alifunga daftari lake. "Tutaamua Ijumaa," akasema. "Mpaka hapo Mama Neema anaendelea na kazi."

Nilitoka moja kwa moja kwenda jikoni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, peke yake, wasaidizi wake wamekaa nje.

"Karibu, mwalimu," akasema bila kuinua kichwa. "Vidonda vya tumbo vimepona?"

"Sina vidonda vya tumbo, Mama Neema."

"Najua. Nililiona hotpoti siku ya kwanza. Nikasema, huyu naye, na ndiye anayefundisha."

Nilivuta kigoda nikakaa. Sikuwa na maneno yoyote ya kwenye muhtasari. Nikamwambia niliogopa, kwamba kichwa changu kilijua na mkono wangu ukakataa, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Akaokota kokoto kwenye maharage, akaitupa nje.

"Nimeshapima, mjini," akasema. "Ninavyo. Usiwaambie. Nitawaambia mwenyewe siku nikipenda."

"Sitasema."

"Basi kula." Akanipakulia makande ya moto, akakata parachichi juu yake, akasimama mikono kiunoni akiniangalia kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Kijiko cha kwanza kilikuwa kizito, sitadanganya. Cha tatu kilikuwa makande tu, na yalikuwa matamu.

Kesho yake niliwaambia wanachuo wafunge madaftari. Nikawasimulia habari za hotpoti, zote, pamoja na uongo wa tumbo. Hawakucheka. Kisha nikawaambia: "Damu ya mtu ni siri yake, sitaijadili hapa. Lakini tuseme mpishi wetu anavyo. Halafu?"

Akasimama Deogratias. "Mwalimu, mimi mtihani wako niliandika jibu, lakini sikuliamini. Akijikata kisu je, damu ikiingia kwenye chakula?"

Lilikuwa swali la kwanza la kweli nililoulizwa kwa miaka yote ile. Nikamjibu kwamba mpishi yeyote akijikata hufunga kidonda na kumwaga chakula chenye damu, na kwamba virusi hivi haviwezi kuvumilia sufuria inayochemka. Akauliza jingine. Mwenzake akauliza la kikohozi, nikasema kweli kwamba kikohozi kinaweza kuwa kifua kikuu, kwamba hicho huambukiza kwa hewa, na kwamba Mama Neema anapaswa kupimwa kifua kama mtu mwingine yeyote anayekohoa. Kengele ililia hatukuisikia. Mchana ule Deogratias alichukua sahani, akapanga foleni peke yake. Alhamisi walikuwa tisa. Mama Neema akaenda kupimwa kifua, akakutwa hana kifua kikuu, ni mkamba tu wa baridi na moshi.

Ijumaa asubuhi tangazo lilibandikwa: kikao cha wakufunzi kitafanyika bwaloni saa saba mchana, kila mjumbe aje na sahani. Bwalo ndilo jumba la kulia, na saa saba lilikuwa limejaa wanachuo waliokuja kutazama. Mkuu wa Chuo alitangulia kwenye dirisha la jikoni na tai yake. "Mama Neema, usinipunje," akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma. Tukamfuata. Makamu Mkuu alichukua kidogo, akatazama, akala. Alikula kidogo, lakini alimaliza. Sahani zilipokuwa tupu Mkuu wa Chuo aliuliza kama kuna ajenda iliyobaki. Hakuna aliyeinua mkono. "Basi kikao kimefungwa."

Si wote waliorudi kula. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikula mandazi ya barabarani hadi alipohitimu, na sikumlazimisha. Lakini Mama Neema alibaki kazini.

Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe darasani kwangu, na aproni yake, akasimama mbele akasema anavyo. Wanachuo wakawa wapole kama watoto wa kipaimara. Binti mmoja akamuuliza kama anamchukia marehemu mumewe.

"Nilimchukia mwaka mzima," akasema Mama Neema. "Halafu nikachoka. Kuchukia kunataka nguvu, na mimi nina masufuria ya kubeba."

Tangu siku hiyo kila kundi jipya lilimsikiliza yeye kwanza, mimi nikafuata na chaki yangu. Mimi na mume wangu nasi tulishuka mjini tukapima, maana safari hii sikutaka kungoja kuulizwa. Majibu yalichukua wiki mbili wakati ule, na kwa wiki hizo mbili tulikuwa watu wa heshima sana ndani ya nyumba, tukiombana chumvi kwa upole. Tulikutwa salama. Niliporudi kufundisha habari za kupima, nilifundisha kama mtu aliyekaa kwenye lile benchi la kungojea majibu.

Sitaki mdhani yote yalikuwa mepesi. Mkuu wa Chuo alistaafu, akaja mwingine, mama mkali mwenye haki. Wakati wake Mama Neema aliugua kweli. Alilala miezi, miguu kama vijiti, na wakufunzi tulianza kuzungumza kwa sauti ya chini kuhusu nani atamchukua Neema. Mkuu mpya alikataa kuijaza nafasi ya mpishi mkuu. "Yupo mgonjwa, hajaacha kazi," alisema kila alipoulizwa. Ndipo dawa za kurefusha maisha zikaanza kutolewa bure hospitalini. Tulimbeba Mama Neema mpaka kwenye gari kama gunia la mahindi mabichi. Miezi minne baadaye nilimsikia akimfokea mtu jikoni, sauti ile ile ya kuita ng'ombe, nikalazimika kuketi kwenye ngazi za maktaba mpaka machozi yaishe.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa mjini, ofisi ya ukaguzi. Kazi ya mkaguzi ni kukaa nyuma ya darasa na kuandika. Nilizunguka shule nyingi, na siku moja nikajikuta Kahe, kwenye darasa la sita la Mwalimu Deogratias, mwenye kitambi sasa. Mtoto mmoja alimuuliza jambo kuhusu mama mjamzito na dawa, na Deogratias akasema, "Sijui. Nitauliza hospitali, kesho kutwa nitakujibu." Akaandika swali pembeni ya ubao ili asilisahau. Nimekagua walimu wengi waliojua kila kitu. Yule nilimpa alama za juu.

Nilistaafu bila kelele. Nilipewa kitenge na cheti, nikarudi nyumbani kwetu Shirimatunda kwenye kuku na migomba michache. Wakufunzi vijana huja kuniuliza namna ya kufundisha somo hili siku hizi, wakati wanachuo wanaliona la kizamani. Nawaambia wasiogope kuonekana wajinga mbele ya darasa. Mengine watayajua wenyewe wakiyakuta.

Mama Neema naye amestaafu, na anakaa na bintiye si mbali na kwangu. Alhamisi iliyopita alikuja, akashuka kwenye bodaboda kwa kushikiliwa, akapanda ngazi zangu tatu akiguna kwa kila moja. Alijitupa kwenye kiti.

"Mwalimu, magoti yananiua. Daktari anasema ni uzee tu, hakuna dawa. Uzee! Mimi!"

Nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia nikashindwa, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Unacheka nini na mimi naumwa?"

"Rudia tena, Mama Neema. Daktari amesema ni nini?"

Akanitazama akitaka kukasirika. Kisha akaelewa, uso wake wote ukafunguka.

"Amesema nimezeeka," akasema. "Nimezeeka, mwalimu."